Mashine ya Masalu Bado Inaandika

Kharumwa, Nyang'hwale
11 Februari 2024

Mpwa wangu Asteria, binti wa dada yangu Justa,

Mwangaluka mayu. Umeamkaje, mama? Ukiiona karatasi hii ujue mjomba wako bado anatembea juu ya ardhi na hajapata wa kushindana naye. Huku hatujambo. Mvua imenyesha, pamba yangu imeota mpaka bwana shamba alipoingia kuikagua tulimtafuta kwa kupiga yowe. Mjukuu wangu Rebeka ameota meno, juzi kaning'ata kidole, nikajua huyu ni damu yangu. Mkwe wangu Nelly yupo, anapika, anaenda kisimani, hasemi sana. Mwambie mama yako ayapake magoti yake yale mafuta ya simba niliyompa. Simba yule nilimkaba kwa mikono, hilo analijua.

Sasa jambo lenyewe. Sikupigii simu kwa sababu kwenye simu unanikatiza, "mjomba subiri kidogo, mjomba niko darasani". Barua utaisikiliza mpaka mwisho. Tena kwenye simu Nelly anasikia.

Unajua yaliyosemwa mwezi wa kumi na moja. Duara, lile shimo la dhahabu, lilititia baada ya mvua, kule machimboni alikokuwa mwanangu Masalu. Wenzake walitolewa, mwingine hai, mwingine maiti. Masalu hakutolewa. Mwenyekiti wa duara akasema maji yamejaa, matimba yote ya kuzuia kuta yamevunjika, hashuki mtu tena. Watu wakaja kwangu na vilio na masufuria ya kupikia msiba. Niliwafukuza. Niliwauliza, nani kamwona amekufa? Yule Mageni wa kwenye winchi ya kushushia watu anasema alimshusha yeye mwenyewe asubuhi ile, lakini Mageni akishakunywa hata mimi atasema kanishusha. Mimi nayajua machimbo kuliko wao. Chini kule kuna njia inayotoka mpaka ziwani. Mwaka wa mvua za Elinino niliipita kwa magoti, nikaibukia kwenye nyavu za wavuvi, wakanipandisha kwenye mizani wakidhani ni sangara.

Na ushahidi ninao. Baada ya vilio vile niliingia chumbani kwake kutafuta turubai, nikakuta kompyuta yake inawaka mezani, waya wa sola umechomekwa, na kale kaboksi ka intaneti kanapepesa taa. Ndiyo ile mashine aliyosema itamfanyia biashara ya sarafu za mtandaoni, bitikoini na ndugu zake, inanunua na kuuza yenyewe wakati yeye yuko chini anachimba. Nikainama kusoma. Nimeishia darasa la tano lakini kusoma nasoma. Mistari ilikuwa inapanda juu mmoja mmoja, na nikiwa hapo hapo ukatoka mpya mbele ya macho yangu: "Baba, nipo. Nasubiri bei."

Nilikaa chini, mayu. Mimi, ambaye sijawahi kukalishwa na kitu.

Tangu siku hiyo ananiandikia kila dakika. Bando likikwisha nanunua jingine, maana nikiacha mwanangu atanyamaza. Lakini kuna maneno mengine yananizidi kimo. Nimeyanakili kama yalivyo:

09:14:02 TAARIFA soko: Baba, nipo. Nasubiri bei.
09:15:02 TAARIFA soko: Baba, nipo. Nasubiri bei.
09:15:40 TAARIFA oda: Baba, nimenunua. Oda imekubaliwa.
10:31:11 ONYO mtandao: Baba, mtandao umekatika. Najaribu tena.
11:02:02 KOSA oda: Baba, oda imekataliwa. Salio halitoshi.

Wewe ni mwalimu wa kompyuta. Nieleze kila neno hapo. Halafu uniambie, kwa kuangalia hiyo mistari, yuko wapi.

Mjomba wako Bujiku, anayejulikana Nyang'hwale nzima, na wasiomjua wanajifanya wanamjua.


Shinyanga
3 Machi 2024

Shikamoo mjomba,

Barua yako nimeipata kutoka kwa kondakta wa basi, ikiwa imekunjwa ndani ya gazeti. Sisi hatujambo. Mama anatembea kidogo asubuhi, mchana anakaa. Alipoona mwandiko wako alicheka kabla hata sijaifungua. Shuleni tumeanza mitihani ya majaribio, nina madarasa mengi, ndiyo maana nimechelewa.

Uliniuliza maana ya mistari. Wenye kazi hizi wanaiita kumbukumbu za programu. Kila mstari una sehemu nne. Mwanzo ni saa, jambo lilipotokea. Ya pili ni uzito wake: TAARIFA ni jambo la kawaida, halihitaji mtu kufanya lolote, ONYO maana yake kuna kitu hakijakaa sawa lakini kazi inaendelea, KOSA maana yake jambo lililojaribiwa limeshindikana. Ya tatu inasema ni upande gani wa programu unaotoa habari: soko, oda, au mtandao. Oda ni agizo la kununua au kuuza. Ya nne ndiyo maneno yenyewe.

Kwa hiyo ule wa KOSA unasema: kulikuwa na agizo la kununua, soko likalikataa kwa sababu fedha iliyopo haifiki.

Mjomba, nakuomba uangalie mambo mawili. Kwanza, ziangalie saa za mistari yote iliyomo kwenye mashine. Utaona zipo mchana, zipo usiku wa manane, zipo alfajiri, bila kupumzika. Pili, rudi juu kabisa kwenye mistari ya kwanza, pale programu ilipowashwa. Kuna mstari unaoanza na neno HALI. Niandikie unasema nini.

Lile swali lako la mwisho nitalijibu. Nipe muda.

Nelly anakula? Mwambie namsalimia. Mbebe Rebeka kwa ajili yangu.

Mimi Asteria.


Kharumwa
24 Machi 2024

Mayu Asteria,

Mwangaluka tena. Barua yako imenifanya profesa. Nimekaa pale senta kwenye kibanda cha kahawa nikawafundisha: saa, uzito, upande, maneno. Kijana wa duka la simu alibaki mdomo wazi. Sasa watu wanakuja mpaka nyumbani kuuliza bei ya bitikoini kabla hawajauliza bei ya pamba. Mwenyekiti wa kijiji ananiita mtaalamu. Nimemwambia asiogope, aendelee kuniita.

Kuhusu saa, sioni ajabu. Masalu halali, karithi kwangu. Mimi niliwahi kulinda mpunga dhidi ya viboko msimu mzima bila kufumba jicho, mpaka viboko wenyewe wakachoka wakaomba tupumzike.

Lakini kuna jambo limetokea. Amekuja Edson, baba yake Nelly, kutoka Chato, na ndugu yake mmoja na kapu la dagaa. Walipokwisha kula akaanza, polepole kama kawaida yake.

"Mkwe," akasema, "mwanangu amekaa humu miezi yote hii hajalia, hajanyolewa nywele za msiba. Hajui ni mke au ni mjane. Sisi kule hatujui tumpe pole au tumpe hongera. Weka msiba, tuumalize, nimchukue nyumbani na mtoto wake."

"Msiba wa nani?" nikamuuliza.

"Mkwe."

"Nauliza, wa nani? Njoo."

Nikamwingiza chumbani. Nikamwambia soma mwenyewe, macho unayo. Akasoma kwa sauti: Baba, nipo. Nasubiri bei. Kabla hajanyanyua kichwa ukatoka mwingine. Akavua kofia.

"Mbona maneno ni yale yale?"

"Wewe ukimpigia mkeo simu ukiwa safarini, huwa unamwambia mapya gani?"

Ndugu yake alicheka. Edson hakucheka. Alimtazama Nelly, aliyekuwa mlangoni na mtoto mgongoni, Nelly akatazama chini. Wakaondoka bila kumchukua mtu. Ningewaruhusu vipi, Asteria? Mwanamke ambaye mumewe yuko hai na anaandika? Mama yake Masalu alishatangulia, watoto wengine niliwazika wakiwa wadogo. Nyumba hii ina Nelly na Rebeka, basi. Wakiondoka hawa, nitamsimulia nani? Kuku?

Ule mstari wa HALI nimeuona. Unasema: HALI: MAZOEZI. Nimewaambia watu pale senta kwamba yuko mafunzoni na ndiyo maana hatoki. Wamenielewa. Wewe unasemaje?

Swali langu la kwanza bado hujalijibu. Nasubiri.

Mjomba wako Bujiku, profesa.


Kharumwa
2 Juni 2024

Asteria,

Salamu nyingi. Barua yangu ya mwezi wa tatu uliipata, maana kondakta aliapa kwa mama yake kwamba alikukabidhi mkononi. Mpaka leo kimya. Kama umeolewa kimyakimya sema tu, tutakuja kudai ng'ombe.

Tunachuma pamba. Ni nyingi lakini mgongo wangu umeanza kunidai. Dume langu lile jeusi, lililowahi kuvuta lori la mizigo kutoka kwenye tope, nimeliuza. Mwezi wa nne mawingu yalikaa siku nyingi, sola haikushika, na bando nalo likakata. Nilipoiwasha mashine kwa betri ya pikipiki ya jirani ikaanza kuandika ule wa ONYO. Baba, mtandao umekatika. Najaribu tena. Baba, mtandao umekatika. Najaribu tena. Ukurasa mzima, mayu. Mtoto anahangaika namna ile na mimi nina dume zizini? Nikauza. Nikanunua sola kubwa na bando la muda mrefu. Ilipotulia ikasema nipo, nasubiri bei, nikaenda kulala.

Sasa kuna jambo la Nelly. Juzi tukiwa shambani, gunia liko katikati yetu, akaniuliza.

"Baba, kama yupo, mbona hamsalimii Rebeka?"

Nikamwambia biashara ile ni ya haraka, hakuna nafasi ya salamu, hata wazungu wenyewe hawasalimiani humo. Nikamwambia habari za mtu mmoja wa Bulyanhulu aliyekaa miaka chini ya mwamba akilelewa na popo. Aliniangalia mpaka nilipomaliza. Halafu akaweka pamba kwenye gunia akahamia mstari wa mbali.

Amekonda. Nguo zinamning'inia. Halii, kwa sababu nilimkataza. Nilimwambia atakayelia ndani ya boma langu anamwita mauti mwanangu.

Wewe unajua kuzungumza na mashine. Niambie ninavyoweza kuiandikia nayo ikapokea. Nataka kumuuliza hilo moja tu, la mtoto. Nimejaribu kubonyeza herufi, hazijibu kitu.

Mjomba wako Bujiku.


Shinyanga
16 Juni 2024

Shikamoo mjomba,

Sisi wazima. Mama amepunguza maumivu. Sijaolewa.

Barua yako ya mwezi wa tatu niliipata. Nilikaa mara nyingi kukujibu, nikaandika salamu, nikafika hapa nilipofika sasa, nikachana. Nelly amenitumia ujumbe wiki iliyopita. Hakuuliza chochote. Aliandika tu, "Dada, nimechoka." Kwa hiyo leo sitachana.

Yale maneno niliyaandika mimi, mjomba.

Mwaka jana wakati wa Nanenane Masalu alikuja kwetu hapa Shinyanga na ile kompyuta ndani ya mfuko wa mbolea ili wezi wasiijue. Programu ilikuwa inaandika kwa Kiingereza. Akaniambia, "Dada, mzee hataambulia kitu hapa. Nataka akikaa mbele yake aone kama anaongea na mtu, asije akaizima akidhani imeharibika. Mimi Kiswahili changu ni cha duara, nitaandika matusi. Andika wewe." Tukakaa mezani kwa mama. Kila neno la Kiingereza nikaliweka la kwetu. Nilikuwa nimeandika "Programu inafanya kazi." Akakataa, akasema hilo ni neno la ofisini. Nikaandika "Nipo." Akasema hapo sawa, na mwanzo weka Baba. Tulicheka sana, kwa sababu alikuwa anakuigiza utakavyoijibu.

Programu ile inatoa mstari huo kila dakika, ili mwenye nayo ajue haijafa. Hakuna anayeuandika wakati unautazama. Ungetoka hivyo hivyo hata kama nyumba haina mtu. Ndiyo maana hailali. Ndiyo maana haimsalimii Rebeka. Hatukuiwekea salamu za Rebeka, mjomba, hatukufikiria.

HALI: MAZOEZI maana yake inanunua na kuuza kwa fedha za kujifanya, ili mtu apime kwanza kama akili yake ni nzuri. Hakuna fedha ya kweli iliyowahi kupita humo. Masalu aliniambia akipata mtaji ataitoa kwenye mazoezi. Aliniambia pia mtaji anaenda kuutafuta wapi.

Kama huniamini, zima kile kiboksi cha intaneti, beba kompyuta mpaka mahali pasipo na mtandao kabisa, uisome. Itakuandikia ONYO. Ukishasoma, jiulize hilo neno limepita njia gani kukufikia, kama mtandao umekatika.

Masalu hayupo. Mruhusu Nelly alie.

Mimi Asteria.


Kharumwa
28 Julai 2024

Asteria,

Barua yako nimeisoma. Niliitupa jikoni kwenye majivu, nikaitoa. Nilikuandikia majibu mabaya kurasa tatu kuhusu watu waliosoma sana, hayo nimeyachoma, shukuru.

Nilifanya ulivyosema. Nilibeba mashine mpaka mashamba ya chini, nikapita hata pale simu zinapokata. Nikakaa kwenye shina la mti uliokatwa nikaiweka magotini. Ikakaa kidogo. Halafu ikaandika: ONYO mtandao: Baba, mtandao umekatika. Najaribu tena.

Nikaiambia, unajaribu kumpata nani? Mimi niko hapa.

Ikaandika vilevile.

Nikaita jina lake, Asteria. Nikaita lile jina la utoto, ambalo hata wewe hulijui. Wafugaji walikuwa wanapita na ng'ombe wakasimama. Mmoja akauliza, "Mzee, umepotelewa na nini?" Kwa kawaida ningemwambia. Ningemwambia nimepoteza tembo mweupe. Nilikaa tu.

Kutoka pale sikurudi nyumbani, nilienda kumtafuta Mageni. Nilimkuta anafua nguo, hajanywa. Nikamwambia leo sema kama ulivyoona, sitakukatiza.

Akasema, "Mzee, nilimshusha mimi. Alikaa kwenye kamba akaniambia, 'Taratibu kaka, bega linauma.' Nikamwambia basi pumzika leo. Akasema bado kidogo tu, akipata anachotafuta haji tena. Nikamshusha taratibu. Kamba ilipolegea nikajua amefika. Halafu ardhi ikatikisika na kamba ikabaki imelegea."

"Uliivuta?"

"Niliivuta, mzee. Ilikuja nyepesi."

Alikuwa analia. Miezi yote hii nimemwita mlevi mbele za watu, naye hajawahi kunijibu.

Sasa sikiliza jambo ambalo sijamwambia mtu. Mimi si mjinga wa kiasi hicho. Nilikuwa naingia chumbani kila asubuhi na moyo unaniambia, Bujiku, wewe. Nami naujibu, nyamaza, soma. Maana msiba ukikaa na ukaisha, Nelly ananyolewa, na akishanyolewa Edson anakuja. Mistari ile ndiyo iliyokuwa inawazuia hawa wawili wasitoke mlangoni kwangu. Sikuwa na kamba nyingine.

Nikimzika Masalu siku moja nimezika nyumba nzima. Hilo wewe hukuliandika kwenye barua yako.

Usinijibu.

Bujiku.


Shinyanga
4 Agosti 2024

Shikamoo mjomba,

Nakujibu.

Mama na mimi tunakuja. Nimeomba ruhusa shuleni, tutakaa mpaka mambo yaishe. Mama anasema uchague nguo za Masalu alizozipenda, zioshwe, na pachimbwe karibu na mama yake, zizikwe badala ya mwili.

Mashine usichomoe waya. Shikilia kitufe kilichoandikwa Ctrl, na ukiwa umekishikilia bonyeza C, mara moja. Itamaliza inachofanya, itaandika mstari wa kufunga, halafu itatulia. Kama unataka niifanye mimi nikifika, niachie.

Kuhusu Nelly sina la kukuelekeza. Hilo ni lako na lake.

Asteria.


Kharumwa
15 Septemba 2024

Mpwa wangu Asteria,

Mwangaluka mayu. Natumaini mlifika salama na basi halikuwasumbua. Magoti ya mama yako yanasemaje? Huku jua ni kali, vumbi tupu. Kuku mmoja ametaga kwenye kofia yangu.

Nashukuru mlivyokuja. Uliona mwenyewe watu walivyojaa. Wengine walikuja kusikia Bujiku atasema nini kaburini, nawajua, mpaka wa Geita walikuwepo. Wakanisubiri. Nilikuwa nimeandaa maneno, mengine makubwa. Nikaliangalia lile shati la mistari na suruali ya jinzi mle ndani, vimekunjwa na mama yako vizuri kama vya sanduku la shule, nikasema "Masalu" nikakaa. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Mzee kamaliza?" Wakaanza kufukia.

Nelly alilia siku zile zote. Nilikuwa nasikia kutoka ukumbini. Sikujua mwili ule mdogo ulikuwa umebeba vilio vyote hivyo. Nilitaka kwenda kumwomba radhi, nikamtuma mama yako.

Mashine niliizima mwenyewe mlipoondoka. Ctrl na C, kama ulivyosema. Ikaandika mstari wa kufunga. Ule mstari haukuwa na Baba. Ulikuwa wa Kiingereza, nadhani ninyi wawili mliusahau, au mlikuwa bado mnacheka. Sikuunakili. Usinieleze unasema nini.

Sasa jambo lililobaki. Edson alikuja kama nilivyojua atakuja. Wazee wa ukoo walikuwa wameshanivuta pembeni. Wakaniambia, "Ng'ombe ulitoa zote, mtoto ni wa boma hili. Mama anaweza kwenda, mtoto anabaki." Ni kweli, ndivyo ilivyo kwetu, na Edson mwenyewe asingebisha. Lakini Rebeka bado ananyonya, Asteria. Ningemshika yule, mama yake angebaki. Ningekuwa na mashine nyingine ya kuniambia nipo, nipo, nipo, kila dakika, na ndani hamna mtu.

Nelly alikuja akapiga magoti. Akasema, "Baba, ukisema nibaki, nitabaki. Sitanung'unika." Na macho yake nikayaona. Angebaki kweli.

Nikamwambia, "Ubaki wapi? Mimi naoa."

Akanyanyua kichwa.

Nikamwambia kuna mjane wa Kahama, mwanamke mnene wa heshima, ana mashine ya kukoboa mpunga na meno mawili ya dhahabu ya Geita. Nikamwambia alinipenda siku aliponiona nasimamisha trekta kwa bega. Nimeshakubaliwa, anahamia karibuni, na ni mkali, hataki kukuta mkwe jikoni wala mtoto wa kulia usiku. Nikamwambia, "Kwa hiyo mwanangu fanya haraka, unanichelewesha. Na Rebeka nenda naye, huyo mama ana wivu."

Akacheka, mayu. Machozi yanatoka na anacheka. Sijui kama aliamini. Edson aliamini, alinishika mkono akasema hongera mkwe, na ndugu yake akauliza kama mjane ana dada.

Nikabeba mizigo mpaka stendi. Rebeka nilimbeba mwenyewe, akaning'ata sikio. Nelly alipoingia kwenye basi alitoa kichwa dirishani akasema, "Msalimie mama mdogo wa Kahama." Nikamwambia nitamsalimia. Basi likaondoka kuelekea Geita. Pale stendi watu wananijua, wakaniita, "Bujiku, njoo utupe moja!" Nikawapungia tu mkono.

Sasa ninalokuomba. Najua Nelly ni rafiki yako, mtakuwa mnaandikiana. Siku moja atakuuliza habari za huyo mama wa Kahama. Mwambie ameshafika. Mwambie anapika vizuri na hanipi nafasi ya kukaa peke yangu.

Mjomba wako,
Bujiku